Matuta ya Kaakaa

Popo niliowasoma chuo kikuu wana ubaya mmoja: wote wanafanana. Uso kama wa mbwa mdogo, madoa meupe kwenye mashina ya masikio, na madume wana vishungi vyeupe mabegani ambavyo huvitoa na kuvificha wapendavyo. Ukitaka kujua spishi, achana na mabega. Mfunue kinywa uhesabu matuta ya kaakaa nyuma ya meno ya mwisho, kisha upime fuvu. Matuta ni nyama, fuvu ni mfupa, nami nilivihitaji vyote viwili vikiwa vizima.

Na nilivihitaji haraka. Walimu walikuwa wakihama nchi mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho aliyewajua popo, ambaye ndiye angenisahihishia tasnifu, alikuwa keshafunga masanduku. Akiondoka kabla sijamaliza, shahada yangu imekwenda. Na spiriti ya kuhifadhia popo nitaipata wapi? Mwenye duka la kemikali alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, na askari aliyepewa lile duka alikuwa akiuza humo viatu vya mguu mmoja mmoja.

Basi nikanunua waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa, nilishuka mtaa wa Namuwongo na buibui langu, nikasimama mbele ya mama mpika pombe.

"Mutoto ya mwalimu, hii yote unakunywa peke yako?"

"Ni ya popo, mama."

"Eeh. Bwana yangu naye anasemaga ni ya dawa."

Habari zilifika msikitini kabla sijafika nyumbani. Nikamkalisha baba, nikamfunulia popo kinywa. Akayahesabu matuta kwa ncha ya kijiti, akasema subhanallah, akataka kumwona mwingine. Nikadhani tumemalizana.

Ramadhani ikakaribia. Vizuizi vya askari vilikuwa vimezidi barabarani, kwa hiyo wiki ile nikalala bwenini. Niliporudi baba alinipokea mlangoni akitabasamu.

"Mwanangu, nimekuondolea aibu. Pombe nimeimwaga, nimetia siki. Achari ya mama yako hukaa mwaka mzima bila kuoza, na siki ni halali."

Alikuwa amemwosha kila popo kwa mkono wake na kumfunga tena kikaratasi chake cha namba mguuni, bila kukosea hata kimoja. Matuta yalikuwepo, mazuri kabisa. Lakini siki hula chokaa ya mfupa. Nilipolitoa fuvu la kwanza lilibonyea kama ganda la karanga mbichi. La pili vilevile. Yote! Ningepima nini sasa, achari?

"Baba, umeniua!" Sikuwahi kumpigia baba kelele maishani, lakini siku ile nilipiga, nadhani hata mtaa wa pili, Nsambya, walinisikia. Nikamwekea fuvu kiganjani. "Libonyeze!"

Akalibonyeza. Likapinda. Akaliweka mezani taratibu, akavaa viatu na kutoka. Haukuwa wakati wa sala. Nilibaki nikilia kwa hasira, nikiwalaani popo, siki, serikali, na watu wema wanaokusaidia bila kuuliza.

Alirudi jua likikaribia kuchwa, kanzu imejaa matope hadi magotini, mkononi kikapu cha mchicha. Chini ya mchicha mlikuwa na chupa mbili za waragi. Alikuwa amepanga foleni kule Namuwongo, na kofia yake kichwani, nyuma ya askari waliotoka zamu.

"Yule mama alitaka kuniuzia iliyotiwa maji," alisema. "Nikamwambia aiwashe kwanza kwa kiberiti. Imewaka."

Nikapokea kikapu.

"Kesho tutakwenda wote kutega nyavu," alisema, akiinama kuvua viatu. "Watu wa msikitini wameniona, mwanangu. Kwa hiyo usithubutu kufeli."