Maziwa Hayamwagwi Chini

Watu wa mji wetu wakitaka kumwonyesha mgeni kwamba maendeleo yamefika, humpeleka uwanja wa ndege. Tazama jengo, tazama vioo, tazama abiria walivyojaa. Mimi nikipita pale nageuza uso. Nitasema kwa nini, maana nimechoka kuambiwa nina roho mbaya.

Nilipokuwa msichana wa shule, uwanja ule ulikuwa kipande cha lami na kibanda. Ndege ndogo ilikuja ikipenda. Kabla haijatua, mzee mmoja alipita na baiskeli juu ya lami akipiga kengele kufukuza mbuzi. Anayesafiri alisindikizwa na ukoo mzima mpaka kwenye ngazi ya ndege. Nakumbuka tulivyomsomea dua mjomba chini ya bawa lenyewe, rubani amesimama na kofia mkononi, hata akaitikia amina ingawa hakuwa Mwislamu. Akaona bado tunamkumbatia, akakaa kivulini kungoja.

Kisha gesi ikaonekana baharini, huko upande wa Palma. Uwanjani ikaanza kamba. Baada ya kamba, mstari wa rangi. Baada ya mstari, uzio wa waya, na baada ya uzio, lango lenye mlinzi. Kila msimu mahali pa kuagana pakarudishwa nyuma, mpaka ukawa unamuaga mtu wako barabarani, kwenye vumbi, na yeye anakuonyesha kiganja kupitia matundu ya waya.

Ndani wakajenga chumba cha kusubiria. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kama inalazimishwa. Pembeni, chumba cha vioo chenye kiyoyozi, makochi na kahawa. Hicho cha watu wa gesi. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba ni chao, lakini jaribu kuingia uone.

Mwaka huo nilikuwa na mtoto wa miezi minne, binti yangu wa kwanza. Alizaliwa na mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, na ndani, kwenye kaakaa, upenyo. Mama mkwe alipomwona hakuuliza kama nimepona. Aliuliza, “Ulikata nini siku ile mwezi ulipopatwa, nawe una mimba?”

“Nilikata kitovu cha mwanao,” nilimjibu. “Ndiyo maana hana haya, yuko kisiwani Rongui anavua na mkewe amezaa.”

Hatukusemeshana mpaka arobaini yangu ikaisha.

Mtoto wa namna ile hawezi kunyonya. Anavuta, hewa inapita, maziwa yanamtokea puani, anapaliwa, analia, anachoka, analala na njaa. Kwa hiyo nilikamua. Nilikamua kwenye kikombe nikamlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, nimemwinua kichwa, na nikimaliza kumlisha wakati wa kukamua tena umefika. Ziwa likiuma, nakamua. Nikiwa na homa, nakamua. Nesi wa kituo cha afya alikuwa ameniambia wazi: madaktari wa kushona midomo wanakuja Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, siyo ile ya kisiwani, lakini mtoto mwepesi hawamgusi, dawa ya usingizi itamuua. Awe na kilo zake. Basi nikamtia kilo zake kwa kijiko cha chai. Sikumlisha kingine chochote. Kila nyama aliyokuwa nayo mapajani niliijua ilikotoka.

Madaktari walikuwa wanachagua watoto mpaka Alhamisi jioni. Baada ya hapo ni kushona tu wale waliochaguliwa, kisha wanaondoka. Na mvua ilikuwa imekata barabara mtoni, chapa zote, hizo basi ndogo za abiria, zimelala. Kaka yangu mkubwa akaninunulia tiketi ya ndege ya Alhamisi asubuhi. Ndege ya saa nzima tu. Saa nzima, nami niko mlangoni kwa daktari.

Alfajiri ile nilikamua mpaka nikajaza chupa ndogo yenye kifuniko. Kule uwanjani hakuna pembe ya mwanamke kujisitiri, na sikuwa tayari kufungua kifua katikati ya wanaume wenye kofia ngumu. Mama yangu alikuja kutoka kijijini Mute kunisindikiza. Shangazi zangu wawili nao walikuja, na majirani. Wote wakabaki nje ya uzio.

Mkaguzi wa mizigo alikuwa mama mmoja wa Kimakonde tuliyemjua sote, zamani alikuwa anauza bagia karibu na bandari. Sare mpya ilikuwa inambana. Akafungua mkoba wangu.

“Mwanangu, hii nini?”

“Maziwa.”

“Ya ng'ombe?”

“Ya kwangu.”

“Basi ng'ombe ni wewe,” akacheka, akamfunua mtoto kanga usoni, akaacha kucheka. “Ai, kipenzi. Pita, pita.”

Hapo ndipo bosi wake alipokuja. Kijana wa kusini, shati limepigwa pasi hata mikono. Alikuwa na karatasi ya kanuni mpya, na wewe unajua mtu mwenye kanuni mpya alivyo, ni kama mtoto mwenye filimbi.

“Líquido haiingii. Hakuna cha majimaji,” alisema.

“Ni chakula cha mtoto, chefe.”

“Líquido ni líquido. Kunywa mwenyewe tuone, au umwage.”

Nilimwuliza kwa Kireno, Kireno safi cha darasani, kama mama yake aliwahi kunywa chakula chake mbele ya wanaume. Akajifanya hakusikia. Wakati huo huo, kwa macho yangu, mzungu mmoja aliingia kwa mlango wa pili kuelekea chumba cha vioo, ana chupa kubwa ya maji mkononi, anakunywa huku anatembea. Nilimwonyesha bosi kwa kidole.

“Yule je? Maji yake ni makavu?”

Watu kwenye foleni wakacheka. Hilo ndilo lililoniponza, kicheko. Mwanamume mwenye shati la pasi hapendi kuchekwa.

“Mwaga,” alisema, akasukuma ndoo kwa mguu. Ndoo ya deki. Maji meusi, na vipande vya sigara vinaelea.

Akamwamuru yule mama amwage. Yule mama akarudisha mikono nyuma.

“Chefe, maziwa ya mama hayamwagwi ovyo. Yakikanyagwa, ziwa linakauka. Hata kwetu bara ni hivyo hivyo. Mimi mikono yangu haimo.”

“Ushirikina huo.”

“Na wewe ulinyonya soda?”

Foleni ikaangua kicheko tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishika ile chupa, bado ina joto langu.

Mtu atasema, msichana uliyesoma mpaka sekondari unaamini hayo? Sikiliza. Nilikuwa na mtoto asiyeweza kula kitu kingine duniani. Maziwa yale yakikauka, mtoto amekwisha. Wewe ungeyajaribu kwenye ndoo ya deki ili kuona kama wazee walikosea? Mimi sikujaribu. Maziwa yakibaki hupelekwa kwenye shina la mti, mahali mguu haupiti, unamwaga taratibu unasema bismillahi. Ndivyo nilivyolelewa.

Yule mama akaniinamia. “Mpelekee mama yako pale nje, yeye atajua pa kuyaweka. Rudi mbio. Nitasema nimekuruhusu.”

Nikatoka na mtoto mgongoni. Chupa haikupita kwenye matundu ya waya, ikabidi nizunguke mpaka langoni. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

“Wamekufanyaje?”

“Hawataki maziwa. Mama, nenda ukayamwage pazuri, mimi narudi.”

“Hawataki maziwa? Wao walizaliwa na nani?”

“Mama, nenda!”

Shangazi mmoja akataka kumbusu mtoto tena, mwingine akaanza dua upya kwa sababu ile ya kwanza, alisema, imekatizwa na safari kurudi nyuma. Nikajivuta. Langoni mlinzi akaniomba tiketi na kitambulisho kana kwamba hakuniona nikitoka punde tu, akavisoma vyote viwili, mbele na nyuma.

Nilipoingia, chumba kilikuwa kimejaa wanaume wapya wa gesi. Ndege yao ya kukodi ilikuwa imeharibika, wameletwa wapande yetu. Nilikwenda dirisha la tiketi. Dada wa dirishani hakuinua macho.

“Senhora, nafasi yako imechukuliwa.”

“Na nani? Tiketi ninayo mkononi.”

“Ulitoka nje. Abiria akitoka baada ya ukaguzi, amejitoa.”

“Nilitoka kwa ruhusa.”

“Ruhusa ya nani?”

“Yangu mimi,” yule mama wa Kimakonde akasema kutoka mezani kwake.

Bosi akamgeukia. “Wewe kazi yako ni mikoba.”

Nikamweleza yule dada. Nilianza kwa Kireno, nikaenda Kiswahili, nikarudi Kireno. Nikamfungua mtoto mgongoni nikamweka juu ya kaunta amwone mdomo. Nikamwambia madaktari wanafunga kuchagua leo jioni. Alimtazama mtoto, na nitasema kweli, alipepesa macho. Lakini akasema, “Kuna ndege Jumamosi.”

“Jumamosi ya nini? Nimekuambia leo!”

“Mimi siyo niliyeleta mvua, senhora.”

Mmoja wa wale wanaume, kijana mwenye kizibao cha kung'aa, aliacha simu yake akauliza kuna nini. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole. Kama angeambiwa, huenda angeinuka. Sijui. Bosi alimjibu kwa tabasamu kwamba hakuna tatizo. Kiingereza hicho kidogo nilikuwa nacho. Nikapiga kelele kwamba tatizo lipo, tatizo ni hili hapa, nikamwinua mtoto juu. Lakini nilipiga kwa Kiswahili, maana hasira haina lugha ya shuleni. Yule kijana akanipungia mtoto mkono, akatabasamu, wakaitwa kupanda.

Niliitazama ndege ikiondoka nikiwa ndani ya chumba kile cha kusubiria. Kule uzioni, shangazi zangu waliishangilia. Walidhani nimo. Walipunga kanga mpaka ikapotea mawinguni, kisha nikatoka langoni mwanangu mgongoni, wakaniona, kanga zikashuka.

Mama hakupoteza muda kuuliza. Alikuwa amerudi na chupa tupu, ameisuuza. “Tunakwenda kwa miguu na magari,” alisema. “Yeyote atakayetubeba.”

Tulipanda pikapu ya mbao mpaka mtoni. Tukavuka kwa mtumbwi kesho yake asubuhi, maji mekundu yanapita kwa ghadhabu, mama ameshika mtoto na mimi nimemshika mama. Ng'ambo tukapata gari la mihogo. Njia nzima nilikamua. Mbele ya wanaume, mbele ya mihogo, haya yote ilikuwa imenitoka. Dereva alikuwa mtu mzima, aligeuza kioo chake cha ndani kitazame paa.

Tukafika hospitali Ijumaa, watu wanatoka msikitini.

Nesi alimpokea mtoto, akamvua, akamweka kwenye mizani. Akatazama, akamwondoa, akamweka tena.

“Ametimiza,” alisema. “Tena amezidi. Anakulaje huyu?”

“Kwa kijiko.”

“Maziwa ya kopo?”

“Yangu.”

“Miezi yote hii?” Akaita mwenzake aje aone mapaja. “Hongera, mama. Wengine wanatuletea mifupa.” Kisha akaanza kumvika mtoto nguo. “Lau ungekuja jana.”

Simlaumu. Hata daktari simlaumu, alitoka mwenyewe na kofia ya kitambaa, jasho linamtoka, akatia kidole kinywani mwa mwanangu, akakizungusha, akatikisa kichwa. Vitanda vimejaa, watoto wawili wanalala kitanda kimoja, siku zilizobaki haziwatoshi hata waliochaguliwa. Arudi safari ijayo. Safari ijayo ni lini? Mwakani, panapo majaliwa.

Walirudi mwakani, wakamshona. Ana kovu, lakini anasema, tena anatukana vizuri kuliko mimi. Watu huniambia, si amepona, unalia nini tena? Nalia mwaka mzima. Mtoto alijifunza kukaa, akatambaa, akasimama, akaanza kutaka kusema na sauti zinatokea puani, watoto wa jirani wanamwigiza, na mimi bado nina kijiko mkononi. Mwaka huo ulichukuliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti changu, na hata hajui.

Lakini kilichonichoma kuliko ndege, kuliko ndoo, kilikuja pale pale hospitali. Tulikaa kwenye ngazi za nje kwa kukosa pa kwenda. Mama alikuwa anachezea kifuniko cha ile chupa. Mwanamke aliyelea watoto saba, ambaye hajawahi kuacha tone la maziwa likanyagwe. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

“Mwanangu, ni mimi. Lau nisingekufundisha yale mambo, ungemwaga ndooni ukapanda.”

Nilimpokonya ile chupa.

“Mama, usiseme hivyo. Usiniambie tena hivyo maishani mwako.”

Nilimkaripia, naam, mama yangu mzazi, watu wakageuka kututazama. Wamechukua kiti, wamechukua mwaka, na sasa walikuwa wanamchukua mama, wanamfanya ajione mjinga kwa kujua kitu ambacho bibi yake alikijua. Hapo nikakataa. Nilimwambia, “Ulinifundisha vizuri. Wao hawakufundishwa.”

Akaanza kulia. Mtoto naye akaamka, akaanza kulia kwa njaa. Nikaweka kikombe mapajani, nikakamua.