Sahani ya Manjano

Bado nayasikia meno ya mdogo wangu yakigonga ukingo wa sahani, kti-kti-kti, kama kuku anayedonoa bati. Meno yenyewe yameshang'oka, ameota mengine, na ukimuuliza hakumbuki kitu. Anayekumbuka ni mie.

Tulipanga chumba Temeke, kwa bibi mmoja Mwislamu, mjane. Sie ni Wakristo, watu wa kusini. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na chumbani tulibaki mama, mie na huyo mdogo wangu wa kiume. Homa ilimpanda hadi akaanza kuweweseka. Mama akambeba mpaka zahanati, akarudi na kwinini ya unga, akamnywesha kwa shida, mtoto analia kwa ule uchungu. Kisha mama akachukua ndoo.

"Naenda kisimani. Usimpe kitu mpaka nirudi, dawa itulie tumboni. Mpanguse kwa kitambaa, na umwombee."

"Nisali sala gani, mama?"

"Mwambie Mungu unachotaka. Kwani hujui unachotaka?"

Nilijua. Nilitaka asife. Lakini nilipofungua mdomo maneno yangu niliyaona madogo, nikaishia kusema Baba Yetu, mbiombio, kama tulivyozoea darasa la dini. Mawazo yalikuwa kwa mwenye nyumba. Kwake nilikuwa nimeona kombe: mwalimu wao anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Hiyo niliiona ndiyo sala hasa, unaitazama kwa macho. Nikajiambia, mbona na sie maneno tunayo.

Zafarani hatukuwa nayo. Nikakoroga manjano ya mama, nikachonga njiti, nikaandika Baba Yetu kwenye sahani. Nzi akakanyaga "mbinguni", nikafuta, nikaanza upya, maana niliamini herufi moja ikiharibika dawa nzima imekufa. Na huku naandika, naota. Kuota ndiyo kazi yangu tangu zamani. Niliwaona watu wanatoka Kinondoni, wanatoka Mikocheni, kila mmoja na sahani yake, wanabisha hodi kwa adabu na kuuliza kama mwalimu yupo. Muda wote huo kitambaa kilinikaukia begani.

Nikayaosha maneno kwa maji kidogo, nikamwinua mdogo wangu, nikamnywesha. Meno yakagonga. Akameza, akatulia, nami nikatabasamu peke yangu. Kisha akatapika yote, manjano na kwinini pamoja, juu ya kanga ya mama iliyotandikwa mkekani.

Mama aliingia na ndoo kichwani. Akaitua.

"Umempa nini?"

"Baba Yetu."

Aliitazama sahani, akanitazama mie. Nilingoja kofi, na mpaka leo natamani angelinipiga.

"Nilikuambia umwombee," alisema taratibu. "Ulimwombea?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akarudi zahanati na jua lile la mchana, kuomba dawa nyingine, bila kujua kama atapewa.

Mwenye nyumba alisikia mkikimkiki, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hii, umepika pilau mkekani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, mwalimu. Yule wangu mie hashiki kalamu mpaka ametawadha, amesali, amemtaja mgonjwa kwa Mola wake. Wewe mwenzangu ulitanguliza nini?"

"Manjano, bibi."

Akaacha kucheka. Afadhali angeendelea.

"Pole, mjukuu wangu. Safisha hapo kabla hawajarudi," alisema, akaenda zake.

Nikasugua sahani kwa majivu. Ikatakata, ila vidole vyangu viligoma, vikabaki na rangi ile ile. Nikaufuta mkeka, nikaloweka kanga, kazi zikaniishia. Nikapiga magoti pale pale palipolowa, wala sikufumba macho.

"Mungu," nikasema, "nimemtapisha dawa yake. Sikuwa nakuomba wewe, nilikuwa nacheza mwalimu. Nataka asife. Wampe nyingine."

Nikainuka. Nikachukua kile kitambaa kikavu, nikakilowesha, nikakikamua, nikakitandika juu ya mto wake kimngoje.