Siku Kumi na Tisa za Mvua

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mhandisi mchanga aliyetoka chuo kikuu juzi tu, nilisimamia ujenzi wa makalavati ya barabara kati ya Sanje na Mkula. Mkandarasi alikuwa mzee Mpogoro, mwashi wa zamani wa mashamba ya miwa, na ule ulikuwa mkataba wa kwanza aliousaini mwenyewe. Nilipanga chumba jirani naye. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alipiga hodi, tukala ndizi za kuchemsha tukizungumza.

Masika yakaja. Maji yakashuka kutoka Udzungwa, yakabeba mbao na kufukia mitaro tuliyochimba. Mzee alinieleza kila asubuhi: jana hatukumwaga zege, lori la mchanga limekwama. Nilimpa pole. Mkataba ulidai aniletee taarifa ya maandishi kwa kila kikwazo, nami nilijua. Sikumkumbusha.

Alipoomba aongezewe siku kumi na tisa, mwajiri, yaani mwenye mradi, alikataa, akatishia kumpokonya kazi. Tukaitwa kikaoni Ifakara. Mwakilishi wa mwajiri akauliza barua za taarifa ziko wapi.

"Mwanangu huyu naishi naye mlango kwa mlango," mzee akajibu. "Nimwandikie barua, kwani tumegombana?"

Kwake, kama kwa wengi bondeni kule, barua kwa jirani ilikuwa mashtaka. Habari hupelekwa kwa miguu.

"Mzee, mvua ya mdomoni hailoweshi faili," mwakilishi akasema, na watu wakacheka.

Nilikuwa nimepitia daftari la kazi ukurasa kwa ukurasa. Siku kumi na tano kazi ilisimama kweli. Nne mvua ilinyesha, lakini mafundi waliendelea kusuka nondo. Nikayasema hayo, kisha nikakiri kwamba nilipewa taarifa kwa mdomo tangu siku ya kwanza, na kwamba aliyenyamaza ni mimi. Wakabishana sana. Mwishowe mwajiri akakubali zile kumi na tano, na mzee akabaki na kazi yake.

Tulipotoka nje, nikiwa nimejaa fahari ya haki niliyoitenda, nikamwambia, "Kuanzia leo, mzee wangu, kila jambo niandikie."

"Nimekusikia," akasema.

Alinisikia kweli. Kesho yake alipita mlangoni pangu, akaitikia shikamoo yangu bila kusimama. Saa nne fundi mmoja akaniletea barua yenye mwandiko wa uangalifu: kokoto zingechelewa siku moja. Nikaijibu, nikitaja kifungu cha mkataba. Tuliendelea hivyo hadi makalavati yakakamilika ndani ya muda, faili limenona, bila mgogoro mwingine wowote.

Tangu hapo nimechambua madai mengi ya wakandarasi, na ushauri wangu ni ule ule, ndio sahihi. Lakini asubuhi zile nazitamani kuliko kazi zote nilizofanya baadaye. Mlango wake ulikuwa hatua chache kutoka wangu. Ningeweza kwenda kubisha mimi. Sikwenda hata mara moja, nikingoja aje yeye.