Jinsi Baba Yangu Alivyofanywa Muuaji

Mimi muvi nazijua kwa mianzo yake tu. Nina kibanda Ipogolo, pembeni ya barabara kuu, na madereva wa malori wakisimama kula wanakuja kwangu kujaziwa muvi kwenye flashi. Dereva hana muda wa kupoteza. Anauliza swali moja: "Inaanzaje?" Namfungulia dakika za mwanzo, akipenda nanakili, asipopenda nafungua nyingine. Mianzo niliyoiona haina idadi. Miisho naweza kuihesabu kwa vidole.

Muvi za mauaji ndizo zinazotoka zaidi, na nyingi zinakuibia akili kwa njia ileile. Kwanza kimya. Mahali pa kawaida, asubuhi, mtu anafanya shughuli zake. Halafu anageuka na kutazama kitu ambacho wewe hukioni. Hapohapo wanakata, wanakuonyesha maiti. Hakuna aliyekuambia huyu kamuua yule. Wamekuwekea sura, wakaweka maiti pembeni yake, hukumu umeitoa mwenyewe na soda yako hata hujaifungua. Nilikuwa nauona ni ufundi mtamu kweli. Nilikuwa nawaambia wateja, "Tazama, tazama anavyogeuka," kwa majivuno utadhani nimeitengeneza mimi.

Sasa mchana mmoja dereva mteja wangu akaniletea flashi kutoka Mbeya. "Dada, hii ya hukuhuku, wamepigia Usangu. Hebu ifungue."

Nikaifungua. Ukungu juu ya mashamba ya mpunga. Kengele za ng'ombe. Mgongo wa mzee, kofia, fimbo begani. Mzee anavuka mfereji, anasimama, anageuka taratibu, anakaza macho upande wako. Wanakata. Mguu wa binti ndani ya maji, kandambili moja inaelea. Halafu ngoma, na jina la muvi.

Dereva akapiga makofi. "Mzee ndiye huyo! Macho tu yanakwambia. Hawa Wasukuma na ng'ombe zao, mimi siku zote nasema."

"Huyo ni baba yangu," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

Baba yangu alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Anakaa ndani ndani huko, ukishapita Igawa. Nikampigia simu palepale.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita, mama, kwa Kisukuma. "Walikuja vijana na mashine zao, wakaomba nivushe ng'ombe wapige picha. Ng'ombe walikuwa wanavuka hata hivyo. Nikavusha."

Habari ya maiti hakuambiwa. Muvi yenyewe alikuwa hajaiona. Alichokuwa anakiona ni akinamama kuokota ndoo zao wakimwona anakuja mferejini, kwa sababu klipu ya ule mwanzo ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu pale kijijini. Jirani aliyekuwa akimtuma bintiye kuchukua maziwa kwa baba kila asubuhi alikuwa hamtumi tena.

"Nafikiri nihame," akasema.

Ahame! Mzee mwenye magoti yale, na kaburi la mama liko nyuma ya zizi! Nikafunga kibanda, nikapanda basi la Mbeya.

Mtengeneza muvi nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi. Kijana mpole, ana adabu zake, na hilo ndilo lililozidi kunikera. Akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Nikamwambia nataka ule mwanzo autoe. Akatabasamu.

"Dada yangu, ule ni mtego. Watu wanamshuku mzee, kumbe muuaji ni mchumba wa binti. Mwishoni mzee anaonekana hana hatia kabisa. Angalia mpaka mwisho."

"Nani anafika mwisho?" Nilishasimama. "Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, najua! Watu wanatumiana mwanzo! Kijiji kizima kina mwanzo kwenye simu. Huo mwisho wako unao wewe na mama yako!"

"Kumbe unauza muvi? Nyinyi ndio mnaotuibia jasho letu."

"Naiba, ndiyo! Lakini sijamfanya baba wa mtu muuaji!"

Halafu, nadhani ili nitulie, akawasha kompyuta anionyeshe ile picha nzima ilivyokuwa kabla haijakatwa. Baba anavuka mfereji, anageuka, anatazama. Yaleyale. Ila huku picha inaendelea. Baba anarudi alikotoka, kamera inamfuata, na kumbe ndama amekwama kwenye tope la mfereji, anatetemeka. Baba anaweka fimbo chini, anaingia majini na magoti yake yale, anamkumbatia ndama anamtoa, anampangusa masikio kwa kofia yake huku akimsemesha Kisukuma. Jamani, macho yale mimi nayajua. Ndivyo alivyokuwa akitutazama sisi wanawe tukichoka njia ya malishoni tukabaki nyuma.

"Hii mliitoa kwa nini?" nikauliza.

"Ilikuwa inaharibu," akanijibu kwa upole uleule. "Inamfanya mzee aonekane mwema mapema mno."

Nilimtukana. Wala sioni aibu. Nilimtukana mpaka majirani zake wakajaa mlangoni, na sikuondoka mpaka aliponinakilia ile picha nzima kwenye flashi yangu.

Nikaenda nayo kwa baba. Alitaka kwanza kuuona ule mwanzo wao. Akaishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyofanya, akatazama bila kupepesa. Alipofika kwenye mguu wa binti akanirudishia.

"Mayu," akasema, "huyu mtu hata mimi ningemkimbia."

Nililia kwa hasira. Nikamwonyesha ile ya ndama, akacheka, akanionyesha zizini, ndiye yule mwekundu, amekua. Nikaituma kwenye kila kundi la simu la Igawa nililoweza kuingizwa. Watu wakanirudishia vikatuni vya kucheka. Mmoja akauliza maiti iko wapi.

Mpunga haujavunwa, baba akaondoka na ng'ombe wake kuelekea Chunya. Jirani wa maziwa hakutoka hata mlangoni kumuaga. Kaburi la mama sasa linapaliliwa na nani, sijui.

Muvi ile bado ninayo kibandani, ila nimeiunganisha upya mwenyewe. Kwangu inaanza na ndama. Juzi kaja dereva mmoja mgeni, anasikia kuna muvi ya Usangu, inaanzaje? Nikamfungulia. Baba akageuka, akatazama, akaanza kurudi mferejini. Dereva akanyoosha kidole apeleke mbele.

"Sista, hapa ruka. Nipeleke kwenye maiti."

Nikaushika mkono wake, nikautoa kwenye kompyuta yangu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Hutoki hapa mpaka ndama atoke."