Tende Saba

Bibi yangu alikuwa na hadithi moja tu, na hata aianzie wapi, lazima itokee pale pale: mtu na mkewe wana binti saba, zimwi linawameza sita, na yule wa saba, mdogo wao, ndiye anayelipasua tumbo na kuwatoa nduguze. Akifika kwa wa saba hunifinya shavu, maana mie ndiye wa saba kwetu. Sote wanawake, tumefuatana, na baada yangu ndipo akaja ndugu yetu wa kiume. Basi hapo kwetu Mgogoni watu wakashika kwamba mie ndiye niliyemfungulia njia. Enzi hizo, kabla ya vita vya pili, nenda ukawaambie mtoto ni majaaliwa ya Mungu, uone kama kuna atakayekusikiliza.

Ikawa mwanamke mwenye mimba akitaka mtoto wa kiume, huja kuniomba kwa mama. Navishwa kanzu na kofia ya binamu yangu, nakalishwa kitandani kwa huyo mwenye mimba, napewa tende saba. Nizile zote bila kusema neno, kisha niweke mkono juu ya tumbo lake. Wapo waliopata wanaume. Waliokosa sikuwasikia, na mie tende nilizipenda, mtoto tena.

Jirani yetu alikuwa na binti watatu na mimba ya nne. Mumewe alikwishasema, tena mbele za watu, penye majamvi ya kuanikia karafuu: akizaa mwanamke mwengine, aende kwao. Mwanaume mzima hana haya! Jirani huyo ndiye aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka, naye alinipenda kama wanawe. Siku aliyoniita yeye, tende zilinikwama. Aliushika mkono wangu akaukandamiza tumboni, akaniambia, "Mwanangu, nakutegemea wewe." Mtoto akapiga teke. Nikataka kuutoa mkono, hakuniachia.

Alipojifungua tulikuwa uani kwake, mie na mama na majirani. Mkunga akatoka akasema, "Mtoto wa kike, alhamdulillahi." Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake wote wakanigeukia mimi, na mie siku hiyo nimevishwa tena kofia ya watu, ili mambo yatimie. Niliona haya. Mama akanivuta mkono tukaenda zetu.

Yule bwana alitimiza neno lake. Alimpa mkewe talaka, na siku zote alizokaa eda mie nilikuwa nachota maji kisima cha mbali, nisikutane naye. Wenzangu wakinicheka kwa mzigo ule wa bure, nasema maji ya huku ni matamu. Uongo, yalikuwa ya chumvi.

Siku ya kurudi kwao Msuka alikuja kumuaga mama, mtoto mgongoni. Nikajificha nyuma ya mlango. Akaniona.

"Njoo unipe mkono," akasema.

Nikatoka, nikambusu mkono, uso chini. Nilingoja anitukane. Wallahi ningeshukuru.

"Nisamehe, mwanangu," akaniambia. "Nilikubebesha ya Mungu."

Yeye ndiye aliyeachwa, yeye ndiye anayeniomba radhi! Nimezeeka sasa, na nikilikumbuka neno lile bado natafuta pa kuuweka uso.

Jioni ile bibi akakaa nasi jikoni, akaanza: mtu na mkewe, binti saba.

"Bibi," nikamwambia, "leo wafanye sita."

Akanitazama. Akaushusha mwiko.

"Sasa wakishamezwa, nani atawatoa?"

"Watoke wenyewe."