Baba Alipokwenda Ukweni na Kitanda Chake

Mpaka leo mtu akinisifia gari lenye kitanda ndani, namwambia aende akalale yeye. Mimi nimeshalala humo. Najua springi zake zinavyolia mtu akigeuka, najua harufu ya mafuta ya taa iliyoganda kwenye mapazia, na najua kwamba gari hilo nusura litunyang'anye mama.

Lilikuwa Kombi la Mzungu mmoja mpima barabara, miaka ile ya ujamaa. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, akamwachia baba, ambaye siku za mapumziko alikuwa akimwendesha kwenda kuvua samaki. Lilikuwa na kitanda cha kukunja, meza ya kukunja, jiko dogo la mafuta ya taa, na sinki ambalo halikuwahi kutoa hata tone la maji.

Baba alikuwa dereva wa lori. Ilipokuja operesheni ya kuhamishia watu vijijini alichukuliwa yeye na lori lake, akapelekwa mbali, akawa anabeba vitanda vya watu, mitungi, kuku, na vikongwe waliokataa kushuka. Alirudi amekonda, hasemi. Kombi lilipofika ndipo akaanza kusema tena. "Nyumba hii," alituambia huku akiligonga bati, "hakuna wa kunihamisha. Wakija, napiga moto, najihamisha mwenyewe."

Shida ilikuwa mahali pa kuliweka. Nyumba yetu pale Hamugembe ilizungukwa na migomba hadi dirishani. Basi siku moja mama akiwa amekwenda kulima njugu, baba akachukua panga, akafyeka migomba ya nyuma ya nyumba, akasawazisha, akaliegesha Kombi lake. Mama aliporudi alisimama na jembe begani, akaangalia kwa muda mrefu.

"Umeliweka hapo?"

"Pazuri, eh? Kivuli kutwa nzima."

Mama hakugombana, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana mama yangu kugombana alikuwa anajua. Usiku huo baba alilala ndani ya Kombi ili kujaribu kitanda. Kulipokucha mama hakuwepo. Alikuwa amerudi kwao, Nshamba.

Kwetu mke akirudi kwao hafuatwi hivihivi. Mume huenda na ndugu wa kumsemea na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaketi mbele ya wakwe na kuulizwa kosa lake. Akijibu vizuri, baba mkwe hutoa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu zilizochemshwa na majani ya viungo. Hapo mmesikilizana, mke atarudi. Kahawa isipotoka, beba kibuyu chako uende. Mimi nilikuwa naiwaza kahawa hiyo usiku na mchana. Nilimtaka mama yangu. Ugali wa baba ulikuwa mbichi katikati, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naogopa kukohoa.

Tulitoka Jumapili baada ya misa ya kwanza: baba, mimi, na shangazi, dada yake baba, ndiye msemaji wetu. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na gari la mtu binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Baba alisema saa nane itatukuta tumekwishakurudi.

"Na lubisi tutawamiminia dirishani tukipita?" shangazi akamuuliza. Alikuwa amekaa kitandani, kibuyu kakipakata, na kila shimo la barabara lilimrusha akarudi chini springi zikilia. Kufika Kemondo, ziwa likiwa limetandazwa pale upande wa kushoto, bluu tupu, baba akataka tusimame tulitazame kama Wazungu. Shangazi akamwambia ziwa ameliona tangu azaliwe na bado halijamrudishia mtu mke.

Muhutwe tulisimama kuomba maji. Watu waliliona gari lenye mapazia wakadhani limeleta sindano, watoto wakatimka migombani. Kisha mzee mmoja akamtazama baba vizuri usoni. Akauliza kama siye yule dereva aliyemhamisha kaka yake kule mbali, yeye akiwa mgeni wake. Baba akasema ndiye. Mzee akatupa maji, kwa sababu maji hayanyimwi, lakini hakutuaga. Baba aliendesha bila kupiga mluzi mpaka mlimani.

Mlima wa Kamachumu ulitushinda. Injini ilichemka, Kombi likaanza kurudi nyuma taratibu, na shangazi akaanza Salamu Maria kwa Kihaya. Vijana waliotoka kanisani wakatusukuma wakicheka, mimi nikisukuma nao, mavumbi mdomoni, ziwa sasa likiwa chini kabisa nyuma yetu. Nilikuwa na hasira ya kulia. Watoto wengine hufuata mama zao kwa basi.

Tuliingia Nshamba saa nane imeshagonga, tukijificha nyuma ya lori la serikali. Kurudi siku hiyo kukawa hakuna.

Babu, baba yake mama, alitupokea sebuleni kwenye nyasi mpya zilizotandikwa. Mimi na shangazi tulipiga magoti tukaamkia. Mama hakutoka. Nilisikia anakohoa chumba cha pili, nikakijua kikohozi chake, nikataka kuinuka, shangazi akanishika gauni.

"Kosa lako ni lipi?" babu akamuuliza baba.

"Migomba, waitu, mzee wangu. Nilifyeka bila kumwambia. Nitapanda mingine."

"Migomba tu?"

"Migomba tu."

Babu akaangalia mlango wa chumba cha pili, kisha akasema wasemaji walale, watasikilizwa kesho. Kikapu cha kahawa kilikuwa pale pembeni yake na mkono wake haukukigusa.

Pale ndipo baba alipoharibu kabisa. Mkwe halali ukweni kwake hovyo. Angekwenda kuomba malazi kwa jirani. Yeye akaona, za nini, nyumba si anayo? Akalivuta Kombi hadi katikati ya ua, akafungua mlango, akawasha jiko lake, akabandika chai. Wakati huohuo bibi alikuwa jikoni akimenya ndizi za kutupikia. Ukiwasha moto wako katika ua wa mtu unawatangazia majirani kwamba kwake kuna njaa.

Bibi alitoka na kisu. Kwa heshima ya ukwe hakuwa akimsemesha baba, kwa hiyo alimsemesha kuku. "Kuku wangu, angalia. Tumetembelewa na mtu mwenye jiko. Ndizi zetu zinanuka."

Shangazi alishika kichwa. Babu akaja mlangoni, akamwambia baba azime moto huo, apande nyumba yake aondoke nayo, saa nane au si saa nane. Mimi nikaanza kulia kwa sauti, sikujali nani ananisikia, maana niliona ndiyo basi, mama ndiyo nimemkosa.

Ndipo mama akatoka. Akapita kati yao, akazima jiko kwa mkono wake. Akamwambia baba, "Hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Mtoto alikufa wewe ukiwa unahamisha watu. Ukarudi, ukasema pole. Hukuniuliza tulimlaza wapi."

Nilijua mtoto alikuja na hakukaa. Nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi wakati huo, na nilipokatazwa kuuliza, sikuuliza. Waliomzika walikuwa bibi, aliyekuja kumuuguza mama, na mama mwenyewe tu, maana kichanga hajengewi kaburi.

Baba alikuwa bado ameshika kikombe. "Wapi?" akasema.

"Pale ulipofyeka, unapolaza kichwa."

Baba aliketi chini, hapohapo uani, na chai ikamwagikia miguuni asijali. Nilimwona babu akirudi ndani. Alitoka na kile kikapu, akainama, akamtilia baba punje mkononi, akaukunja mkono huo kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi bibi alichagua machipukizi ya migomba, akayang'oa na udongo wake, wakayalaza kitandani ndani ya Kombi. Baba na shangazi wakaondoka nayo. Mama alikataa kupanda. Mimi na yeye tulifuata kwa basi, na njia nzima nilimshika kanga.

Tulipofika Hamugembe tulilikuta Kombi limeachwa barabarani, nje ya ua, tairi limewekewa jiwe. Baba alikuwa nyuma ya nyumba. Tulitegemea kukuta amekwishapanda, lakini hakuwa amechimba hata shimo moja. Machipukizi yamepangwa kivulini, yeye amekaa chini, jembe mapajani, macho mekundu.

"Nimeogopa kumpiga na jembe," akasema.

Mama akafungua kanga yake ya begani, akaitandika juu ya udongo, karibu sana na goti la baba.

"Yuko hapa," akasema. "Panda pembeni."