Binti yangu anaolewa, mama yake kazuiwa kwa sababu ya disketi

Admin, jina langu lifiche, na hao wengine nimewabadilisha majina mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, naishi Shinyanga mjini. Binti yangu, tumwite Kabula, anafanyiwa sendofu mwezi ujao. Amesema mama yake mzazi hatakanyaga ukumbini mpaka akubali kusimama mbele ya ndugu aniombe radhi kwa alichonifanyia zamani. Na alichonifanyia ni mambo ya kompyuta. Msicheke, someni mpaka mwisho.

Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye kambi ya utafiti wa dhahabu huko Geita. Kambi ilipofungwa nikapewa kompyuta moja iliyochoka, nikaja nayo kwangu Ibadakuli. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Watu walikuja kusalimia huku macho yakiwa mezani. Nilijiona nimefika, nisiwafiche. Nikawa naandikia humo ripoti yangu ya stashahada, ile ambayo ingenirudisha kazini nikiwa bosi.

Kambini nilishaona virusi vikifuta kazi za watu, kwa hiyo nyumbani nikaweka sheria. Disketi yoyote kutoka nje haiingii kwenye mashine kabla sijaikagua mwenyewe, na kile kidude chake cha pembeni lazima kisogezwe kifungwe, ili kisiandikwe kitu juu yake. Mke wangu, Mama Kabula, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mitihani yake aliichapia humo. Alikuwa anasimama mlangoni na disketi mkononi, ananisubiri nimalize kula, nimalize kusikiliza redio, ndipo nimkagulie. Wageni wakiwepo namwambia, "Onyesha mikono kwanza, isije ikawa na chaki." Wageni wanacheka, na yeye anacheka.

Disketi zangu sikuwahi kukagua hata moja. Nizikague za nini wakati ni zangu? Mojawapo ilikuwa na mchezo wa karata, nilipewa na jamaa mmoja tuliyekuwa naye kambini.

Mchana mmoja nikiwa naandika, herufi zikaanza kudondoka. Kweli kabisa, moja moja zilikuwa zinaanguka kutoka juu ya kioo zinarundikana chini. Nikazima, nikawasha, mashine ikagoma. Nakala niliyokuwa nayo pembeni nayo imeharibika. Ripoti ya mwaka na nusu ikapotea hivyo. Mama Kabula aliporudi kutoka shule nikampokea kwa kofi. "Umeniletea uchafu wako!" Akasema, "Baba Kabula, ya kwangu si uliikagua mwenyewe jana?" Nikampiga la pili kwa kunijibu.

Nikampeleka kwao Mhunze. Nikaeleza mbele ya wazee kwamba amenionea wivu na ameharibu kazi yangu makusudi. Baba yake alikuwa mfugaji, kompyuta hajawahi kuiona. Akaniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, hicho kilichopotea hakiwezi kuandikwa tena?" Nikamjibu kwamba hayo si mambo ya wachunga ng'ombe. Nikataka mahari yangu irudi. Mzee akasema, "Ng'ombe zako tulishamwolea mke kaka yake. Hapa hazipo." Nikasema zitafutwe.

Wiki iliyofuata nikapeleka mashine na disketi zote kwa Mhindi mmoja mjini, mwenye duka la vifaa vya ofisi, alikuwa anajua kutengeneza. Akazipitia moja moja. "Hii ya mitihani ni safi kabisa, tena imefungwa vizuri," akasema. "Hii ya karata ndiyo imejaa virusi. Ya nani?" Nikamwambia ni ya mke wangu.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla ng'ombe hawajapatikana. Siku chache baadaye nikasikia kwamba mdogo wake Mama Kabula, Minza, aliyekuwa kidato cha pili, ameachishwa shule na anaozeshwa kwa mzee mwenye mifugo ili nilipwe mimi. Basi la Mhunze lilikuwa linaondoka kila asubuhi. Sikupanda. Ng'ombe walipoletwa nikawapokea, dume moja nikachinja nikala na marafiki. Wakwe zangu walibakiza wawili kwa ajili ya mtoto kama ilivyo desturi, na Kabula akabaki kwangu.

Nikamlea kwa maneno hayo hayo. Ada ikikosekana namwambia, "Mama yako asingeniharibia, leo ungesoma shule nzuri." Mama yake akija kumwona, mtoto anajifungia chumbani. Mimi nilikuwa naona raha, nakiri. Niliona nimeshinda.

Wiki iliyopita Mama Kabula akanipigia simu. Akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Baba Kabula, mwambie mtoto nimekubali. Mwambie nilifanya makusudi. Nitaomba radhi, hata magoti nitapiga. Nataka tu nimwone mwanangu siku yake." Nikamuuliza mbona miaka yote alikuwa anakataa. Akanijibu, "Nimechoka kuwa na haki bila mtoto."

Jamani, nilipokata simu nilijisikia nafuu. Nikamfikishia Kabula, akafurahi, akampigia MC palepale. Mama kuomba radhi imewekwa kwenye ratiba, kabla ya keki. Mimi nitakuwa meza kuu. Minza naye kaalikwa.

Nikisema ukweli, Kabula hatanitazama tena, na sina mtoto mwingine. Nikinyamaza, mama yake atapiga magoti mbele ya ukumbi mzima kwa disketi yangu. Matusi nayastahili, tukaneni mnavyotaka, ila mwisho nipeni na jibu, maana ratiba inakwenda kuchapwa Ijumaa. Nimwambie mtoto, au nimwache mama yake apige magoti?